Alama ya Kamba

Rosettenville, Johannesburg
Alhamisi mchana

Mama,

Kabla sijakusalimu nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Mdogo ninayelala naye chumba kimoja. Huku shuleni kwangu watu wote wanajua kwamba wewe umekufa.

Nimeshaandika. Sasa nakusalimu. Hujambo, Mama? Goti linasemaje, na kile kikohozi cha vumbi la makala ya kupikia? Mvua imepungua Bukavu, ao bado mnapanda mlima wa Kadutu kwenye matope? Sisi hapa wazima. Mama Mdogo ana wateja wengi saluni, vidole vinamuuma lakini anacheka. Mimi ninakula, ninalala, ninasoma. Barua hii ninampa Mama Noela wa kanisani, anayerudi huko kesho kutwa. Nimeandika Kiswahili, na kwa herufi kubwa, ili usome mwenyewe na kidole chako mstarini. Usimpe mtu akusomee. Kwa simu nilishindwa. Kila ukipiga uko bandarini, wamama wenzako wananisalimia kwa nyuma, nami najibu ndiyo, ndiyo, niko salama.

Ilianza hivi. Siku yangu ya kwanza shuleni, miaka miwili iliyopita, mwalimu wa darasa alikuwa anajaza fomu na sisi wageni tumepanga mstari. Huku mwalimu wa kike tunamwita Mem. Jina? Nikasema. Nchi? Nikasema. Kazi ya mama? Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini swali nililielewa, sitakudanganya hapo. Mbele yangu msichana alikuwa amesema mama yake ni nesi. Nyuma yangu watu kama kumi walikuwa wanasikiliza. Mimi nikakuona wewe na gunia la makala mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, mishipa ya shingo imesimama. Nikaangalia viatu vyangu. Mem akarudia swali. Nikaendelea kuangalia viatu. Ndipo akaweka kalamu chini, akanishika bega, akasema polepole, "Pole sana, mtoto wangu." Akaandika kitu pale kwenye fomu.

Nilielewa alichoandika siku tatu baadaye, wakati msichana mmoja, Lerato, alipokuja kukaa karibu yangu akanikatia nusu ya mkate wake. Akasema mama yake naye alifariki, yeye akiwa na miaka tisa. "Sasa tuko wawili," akaniambia. Sikuwa na rafiki hata mmoja. Nikapokea mkate.

Nilijiambia kwamba sijasema uongo, nimewaacha tu wengine waseme. Siku ya kina mama, darasa likitengeneza kadi, Mem alitutuma mimi na Lerato maktaba kupanga vitabu. Nilipanga vitabu. Unaweza kufikiri kwamba moyo uliniuma. Haukuniuma. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na husikii kwamba ni wako.

Wiki iliyopita shule ilitupeleka kwenye milima ya Drakensberg, siku nne kwa miguu. Nilipomletea Mama Mdogo barua ya ruhusa aitie sahihi, alisimama na kitana mkononi.

"Kutembea kwenda wapi?"

"Hakuna mahali. Tunazunguka, tunarudi."

"Na mizigo mgongoni?"

"Ndiyo."

"Na mvua?"

"Hata kama inanyesha, Mama Mdogo."

Akamgeukia mteja aliyekuwa anasukwa. "Umesikia, dada? Sisi tulikimbia hiyo maisha. Wao wanaiomba kwa barua, na sahihi chini!" Saluni nzima ikacheka. Akatia sahihi.

Tulikuwa watoto kumi na wawili, na Mem, na kiongozi wa njia, mzee wa kule kule milimani, Baba Dumisani. Mvua ilitukuta saa ya kwanza tu na haikutuacha. Huko juu, Mama, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna moshi. Ni majani yanayofika kiunoni, yamebeba maji, na mawe meusi yanayoteleza kama sabuni. Wingu linashuka linaingia kati yako na mtu wa mbele, unabaki unafuata sauti ya viatu vyake. Njia yenyewe ilikuwa imegeuka kijito. Begi langu la shule lilikunywa maji likawa zito kama unga wa mihogo ulioloa. Wenzangu walikuwa wanalalamika na kuimba na kulalamika tena. Mimi nilitembea. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na hiyo haikunishangaza.

Siku ya pili radi zilianza saa tisa mchana. Baba Dumisani akatusimamisha bondeni, kila mtu akaingia hemani. Mimi na Lerato tulikuwa hema moja. Tulitundika soksi kwenye kamba, tukala samaki wa kopo kwa kijiko kimoja. Lerato akaanza kuongea juu ya mama yake, jinsi hospitali ilivyowarudishia ndala zake za njano ndani ya mfuko wa plastiki, na baba yake mpaka leo hajazitoa mfukoni. Halafu akaniuliza, "Na wako? Hujawahi kuniambia."

Nilikuwa naweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakojua zaidi. Lakini nikasema, "Aliteleza."

"Wapi?"

"Kwenye mlima wa mji wetu. Ilikuwa mvua kama hii. Alikuwa na gunia, na kamba ilikuwa kichwani, ikamvuta shingo."

Unaikumbuka siku ile, Mama. Mtelemko wa Kadutu, mimi nyuma yako na kifurushi changu kidogo. Uliteleza, gunia likapasuka. Watu walipita pembeni. Ulikaa pale pale matopeni ukaanza kuokota makala, moja moja, ukaniambia, "Okota, usiniangalie." Tukajaza, ukafunga, ukainuka, tukapanda mpaka juu. Mimi kwenye hema nilikuacha chini. Nilisimulia mpaka pale ulipoanguka, nikanyamaza.

Lerato alilia. Alinishika mkono na kuubana. Mimi nilikuwa naangalia maji yanavyokusanyika kwenye kitambaa cha hema, yanakuwa tone, yanaanguka.

Samahani, mwandiko hapa umebadilika. Mama Mdogo amepita kwenye korido na nimesukuma karatasi chini ya kitabu cha Kifaransa. Ni mara ya tatu leo.

Siku ya tatu tulikuwa tunashuka. Tulivuka mto juu ya mawe, na Lerato akakanyaga vibaya, mguu ukapinda. Baba Dumisani aliufunga kwa bandeji, akautazama mto, akasema maji yanapanda, lazima tufike chini kabla ya jioni. Yeye atamshika upande mmoja, Mem upande mwingine. Begi la Lerato likabaki juu ya jiwe. Ndani yake kulikuwa na hema letu na chakula cha jioni cha watu wanne.

"Nani atabeba?" Mem akauliza.

Kila mtu akaangalia begi lake mwenyewe. Mvulana mmoja, Kagiso, akasema, "Mem, tuliache tu. Nani ataiba huku? Nyani?"

Sikufikiri. Nililaza begi langu chini, nikaweka la Lerato juu yake, nikafungua mkanda wa hema nikayafunga pamoja kwa fundo lako, lile linalokaza kadiri mzigo unavyovuta. Nikakunja skafu yangu nikaiweka kwenye paji la uso, nikapitisha mkanda juu ya skafu. Nikachuchumaa, nikainama mbele, nikasimama. Mwili ulikumbuka wenyewe.

"Eish! Muoneni Nsimire!" Kagiso akapiga kelele. "Amegeuka trekta!"

"Wee, shingo itabaki mlimani!" mwingine akasema. Walicheka wote, si kwa ubaya. Walikuwa na baridi.

Mem akawasogeza mbele kuwapanga njiani, tukabaki mimi, Lerato na Baba Dumisani, ambaye hakucheka. Alinizunguka, akavuta fundo kwa vidole viwili, halikusogea.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mama yangu, baba."

"Ni kazi yake?"

"Ndiyo. Anawabebea watu mizigo, sokoni na bandarini."

"Huko kwenu?"

"Bukavu. Saa hii yuko kazini."

"Basi msalimie," akasema. "Mwambie mtoto wake anafunga vizuri."

Lerato alikuwa ameshaegemea bega la mzee. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama ninavyokaa na karatasi hii, maji yanatiririka kwenye pua yake. Alikuwa amesikia yote. Alinitazama, halafu akamwambia Baba Dumisani, "Twende."

Mama, mtu mwenye kamba kwenye paji hawezi kugeuka wala kuinua macho. Anaona miguu yake na kipande kidogo cha njia. Mimi niliona visigino vya Lerato, kimoja kinakanyaga, kingine kinaning'inia, kwa saa nne. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuita njiani, na hukugeuka, na nilifikiri umenikasirikia. Sasa najua.

Jioni, hema limesimamishwa, Lerato aliongea bila kuniangalia.

"Yuko hai."

"Ndiyo."

"Ukanitazama nikilia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Niliona haya kwa kazi yake."

Akakaza upya bandeji ya mguu wake. Kisha akasema, "Mimi ningemshukuru Mungu kama mama yangu angekuwa hai, abebe hata mawe." Na baadaye, amenipa mgongo, "Mem hatasikia kwangu. Utamwambia wewe. Lakini usije ukakaa na mimi mpaka umesema."

Sijasema. Tangu Jumatatu nakaa dawati la nyuma. Jana Mem aliniita nikafikiri ndiyo nafasi yangu, kumbe alikuwa na habari yake. Kesho Ijumaa jioni wazazi wanaalikwa kutazama picha za safari, na mimi nitaitwa mbele, kwa sababu nilibeba mabegi mawili. Alinishika bega lile lile. "Mama yako, huko aliko, angejivunia," akasema. Nikasema asante, Mem. Mdomo wangu ulisema asante.

Na Mama Mdogo amealikwa. Amewaambia wateja wote, amemwambia mpaka mwenye spaza, kile kiduka cha pale kona. Atakaa mstari wa mbele na kitenge kilichopigwa pasi, na Mem atasimama mbele ya watu aseme maneno mazuri juu ya marehemu dada yake. Ninaiona hiyo picha vizuri sana, mpaka rangi ya viti. Bado sisikii kitu, isipokuwa usingizi haukai.

Kuna jambo jingine. Jumanne Mama Mdogo alinisuka. Alipofika mbele, kitana kikagusa mahali mkanda uliponichuna, akarudisha nywele nyuma akaangalia.

"Hii ni nini?"

"Kofia ilinibana."

Mikono yake ikasimama. Mama, ni yeye aliyekuwa anakusuka wewe zamani, na kukuletea nywele mbele kufunika pale zisipoota tena. Anaijua alama hiyo kuliko daktari. Nilingoja aniulize tena. Hakuniuliza. Alinisuka mistari ya mbele polepole, akaivuta yote kwenda nyuma, akaiacha alama wazi.

Barua hii ikikufikia, Ijumaa itakuwa imepita. Siombi unisamehe leo. Nataka kwanza nisikie nilichofanya, ndipo niombe, kwa sababu nikiomba sasa itakuwa kama ile asante niliyompa Mem. Lakini nataka ujue kwamba siku ile mlimani, na mabegi mawili, mahali pekee mwilini mwangu palipokuwa panauma vizuri ni pale kwenye paji.

Nisalimie mkubwa wangu, Yaya Bahati, na umwambie apunguze mwendo na hiyo pikipiki yake. Nisalimie nyanya, umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi anayeuza samaki wa sambaza, deni la kumpigia simu nalijua. Na wamama wote mnaobeba nao, ambao huwa wananisalimia kwa nyuma ya simu na mimi nawajibu kwa haraka, waambie Nsimire amewauliza mmoja mmoja.

Ndala za Mama Mdogo zinakuja kwenye korido.

"Nsimire! Kesho nivae kitenge cha kijani ao cha njano?"

Nimejibu, "Cha kijani."

"Sauti gani hiyo? Na unaficha nini kila nikipita, weye mutoto?"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitabu cha Kifaransa. Nimeurudisha. Nimeweka ukurasa wa kwanza juu, umeangalia mlango. Kwa ajili yako niliandika herufi kubwa, na yeye ana macho mazuri. Mistari ile ya kwanza ataisoma akiwa bado amesimama.

Kitasa kinazunguka.

Ni mimi, Nsimire, mtoto wa mama anayebeba mizigo Kadutu.