Sura Ambayo Haimo Kitabuni

New Hope, Minnesota
Jumapili mchana

Dada Pamela mpenzi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mama bado anafanya zamu mbili, na theluji imeanza kuyeyuka. Nakuandikia nikiwa na hasira.

Filamu ya kile kitabu chetu cha wachunga mawingu imetoka. Leo baada ya ibada mimi na vijana wenzangu wa kanisani tulibishana juu yake tukinywa chai. Nilisema wameiharibu kabisa, kwa sababu wameacha sura ya mwisho, pale dada mkubwa anapovuka mlima kumfuata mdogo wake.

"Wewe Leah, hiyo umetoa wapi?" Kendi akauliza. "Mimi nimesoma hicho kitabu mara tatu."

"Dada yangu alinisomea tulipokuwa nyumbani Tukuyu, kila jioni, kwa Kiswahili."

Griffins akatoa kitabu kwenye begi. "Haya, mwalimu, tuonyeshe."

Nikapekua kurasa zote za mwisho. Mdogo anaondoka, mlango unafungwa, basi. Walicheka mpaka mchungaji akageuka.

Kumbe ulipokuwa ukitafsiri uliongeza ya kwako! Nilikukasirikia sana. Halafu nikakumbuka kwamba ulinisomea sura hiyo wiki ile ile mimi na mama tulipopata viza, na wewe ukanyimwa.

Jibu la ombi lako la pili limetoka, lakini mama hataki kuniambia limesemaje. Mimi nimeshakutengea upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Niandikie wewe mwenyewe, dada, na safari hii usiongeze hata neno moja.

Mdogo wako anayekungoja,
Leah