Mkanda wa Sita wa Meli ya Juu

Binamu Hamidu,

Assalaam alaikum. Hali sikuulizi, maana nakujua, ungejibu nzuri hata kama umeangukiwa na mnazi. Nakuandikia kwa jambo moja ambalo ungeninunia milele nisingekuambia: mkanda wa sita umefika Kibiti. Ndiyo, ule uleule. Umekuja na basi la Dar, umefungwa kwenye gazeti na kamba ya katani, na kondakta alimkabidhi Mzee Salehe wa banda la video kwa mikono miwili kama anampa mtoto mchanga. Sasa wewe uko wapi? Umeusubiri weee, ukaondoka masika, mkanda umekuja kiangazi. Ungevumilia kidogo tu, ungepungukiwa nini?

Nililia upya niliposikia. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia mkanda umekuja. Akakaa kwenye mkeka, naye akalia. Shangazi yako huyo, aliyekuwa akisema video ni kazi ya watu wasio na shamba.

Unakumbuka mkanda wa kwanza? Mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuwa ruksa. Sabuni tulikuwa tumeizoea kwa foleni, mara tunamwona Mzee Salehe anashusha televisheni na jenereta kwenye lori la korosho, anajenga banda la makuti pale karibu na stendi, anatangaza kuna picha ya meli inayopita kwenye nyota. Tukajaa. Meli tukaiona kweli, imeelea juu huko bila maji wala upepo, lakini wanasema nini hakuna aliyejua. Ndipo ukainuka wewe, mchukuzi wa zamani wa bandarini Dar, na Kiingereza chako cha kuokota kwa mabaharia. Ukachukua fimbo, ukasimama ubavuni mwa televisheni. Hukukaa tena bandani mpaka umauti.

Majina yote tuliyonayo ni yako. Nahodha. Bati, yule mtu wa chuma mwenye moyo mwema. Kimya, adui asiye na mdomo. Majina yao ya kwenye mkanda hakuna anayeyajua hapa mpaka leo, na hakuna anayeyataka. Na walipoongea haraka haraka ukawa huambulii kitu, ulikuwa unagonga fimbo chini, unakunja uso, unasema, "Hapa wanaongea mambo ya kikazi." Watu wazima na akili zao wanatikisa kichwa, wanaona sawa, kazi ni kazi. Mimi nilikuwa naziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Mkanda wa tano ndio uliotuharibia maisha. Nahodha kafungiwa ng'ambo ya nyota nyeusi. Bati kasimama mlangoni. Kimya anamsogelea. Halafu kwisha! Tangu siku ile Kibiti haikulala. Alasiri ikishaswaliwa, watu kwa Bi Siwatu, chai na vitumbua, na swali ni moja: mkanda wa sita utakuwaje? Dereva wa trekta anasema Nahodha ana pacha wake, tutaona. Bi Siwatu anataka Nahodha arudi amuoe yule mwanamke wa mitambo ya meli, eti wameshachumbiana kwa macho. Ustadhi, ambaye huapa kuwa hajawahi kutia mguu bandani, ana maoni kuwashinda wote.

Na watu wa Mohoro nao! Mkanda ukitoka kwetu unavuka pantoni pale Ndundu unaenda kwao, na kwao anayetafsiri ni Kassimu. Huyo Kassimu kawaambia kwamba Bati ni msaliti, kamuuza Nahodha kwa Kimya tangu mkanda wa tatu. Mkanda mmoja, binamu, picha zilezile! Wakija kuuza mchele sokoni, kabla ya bei wanaanza na Bati. Dereva wa trekta alikaribia kupigana na muuza kambale kwa ajili ya mtu wa bati.

Katikati ya hayo yote wewe ulikuwa umekaa zako, umekunja nne, unapuliza chai. Wakikubana sana unasema, "Mwisho mimi naujua. Sisemi." Basi. Watu waliondoka kwa Bi Siwatu na imani kamili kwamba mwisho wa Meli ya Juu umo kifuani mwa Hamidu.

Halafu ile homa ikaja ikakuchukua, hata kuaga hukuaga vizuri.

Siku ya kuanua tanga nilifanya wajibu wangu wa utani, kama ambavyo ungenifanyia wewe. Nilivaa koti lako la mitumba, lile la mikono mirefu kupita mikono yako, nikapiga kofia yako pembeni, nikashika fimbo. Nikaingia uani mwa msiba nikitembea kwa ule mwendo wako wa kujiona. Imamu alipokuwa anatoa nasaha, nikasimama ubavuni pake, nikagonga fimbo, nikasema kwa sauti yako, "Hapa wanaongea mambo ya kikazi." Looh! Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama yako alinivuta akanikumbatia na koti lako hilohilo, akalinusa, akasema, "Hamidu wangu." Pale utani ulinishinda. Nilikaa chini nikalia kama sina kazi nyingine duniani.

Na unajua walichoniuliza wakati wanaaga? Mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kwa adabu zote. "Pole sana, mwanangu. Hakukuambia lakini, Nahodha anarudi?" Hata arobaini, sahani za pilau hazijaondolewa, Bi Siwatu kaninong'oneza jambo hilohilo. Nikawajibu hukuniambia, na kweli hukuniambia. Nilikasirika, usidhani. Nilikuwa nasema moyoni, mtu gani huyu anaondoka na kitu cha watu wote? Na mimi pia nilikuwa nataka kujua. Nililala na swali hilo kuliko wao.

Sasa mkanda umefika, mtafsiri hakuna. Mzee Salehe akasema atamleta Kassimu. Ingekuwa kijiji kimeambiwa kihame zisingekuwa kelele zile. Dereva wa trekta kasimama katikati ya stendi: "Kassimu akishika fimbo leo, kesho Bati ni mwizi! Bati wetu hatumtoi!" Nami roho iliniuma, maana Bati huyu mwema ni wewe uliyemtengeneza, na kila alipofanya jambo jema nilikuwa nasikia sauti yako. Akishaitwa msaliti mbele ya watu wetu, utakuwa umebakia nini pale bandani? Koti tu.

Ndipo wakakumbuka tanga. Wakaja nyumbani, Mzee Salehe mbele, wanamwomba Mama eti mimi nitafsiri, si nimefika kidato cha nne, na fimbo nimeshaishika. Mama akawaka. "Mtoto wa kike asimame mbele ya wanaume apige kelele za meli?" Kisha akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi nami nitakuwepo. Na nitakaa mbele."

Tulionyesha Jumamosi, baada ya alasiri. Mtu na mwenzie hawapishani. Mohoro wamekuja, na Kassimu wao kakaa katikati yao, mikono kifuani, ananingoja nikosee. Mama kweli yuko mbele. Nimevaa koti lako juu ya gauni, jasho linanitoka. Nikagonga fimbo. Meli ikatokea, watu wakapiga vigelegele.

Mwanzo nilijitahidi, binamu. Yule mwanamke wa mitambo alipokuwa analia nilisema anamlilia Nahodha, na hiyo nilikuwa na hakika nayo. Mara mlango wa meli unafunguka, moshi mweupe, buti la Nahodha linatangulia, banda zima limesimama. Anaingia. Si yeye!

Wallahi si yeye. Mtu mwingine kabisa. Mrefu, pua nyingine, sauti nyingine, kavaa nguo zilezile za Nahodha, na melini wote wanamkumbatia wanamwita jina lilelile kama hakuna kilichotokea. Sijui yule wa kwanza kaugua, kagombana na matajiri wake, au kachoka. Mkanda hausemi. Watu wakanigeukia mimi. "Huyu nani?" Bi Siwatu karibu kulia: "Mchumba gani huyu sasa?" Nikawaambia, "Ndiye Nahodha. Alikokuwa kumembadilisha. Mzoeeni." Dereva wa trekta akajibu kwa sauti kutoka nyuma, "Ah, kama tulivyobadilishiwa Hamidu!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini iliingia hapa kifuani, nikavuta mikono ya koti lako nikaendelea.

Ikafika mwisho. Kimya yuko ndani ya meli. Bati anamwendea, wanasimama uso kwa uso. Hapa ndipo penye kesi yote ya Kibiti na Mohoro, na kila mtu anajua. Jenereta lenyewe nilihisi limepunguza sauti. Bati akaanza kuongea. Akaongea, akaongea, haraka, kwa sauti yake ile ya kwenye kopo, na mkanda unakwaruza, na mimi na kidato changu cha nne sikuambulia neno. Hata moja! Nilijua kwamba nikisema anamtetea Nahodha, kwetu watashangilia. Nikamwona Kassimu kainua kichwa. Nikamwona Mama kanitolea macho. Sikutaka kukuigiza, nakuapia, safari hii sikuwa natania. Fimbo iligonga yenyewe.

"Hapa wanaongea mambo ya kikazi."

Kisha Kassimu akainuka. Nikasema basi, nimekwisha. Akawatazama watu wake wa Mohoro, akajikuna kidevu, akasema, "Kwa kweli hata mimi hapo sijaambulia kitu." Banda lilipasuka, Hamidu! Walicheka mpaka makuti yakatikisika, Mohoro na Kibiti wameshikana mabega, Mama anajifuta macho kwa kanga, anasema, "Sauti yake. Sauti yake kabisa." Picha ikaisha Bati bado anaongea.

Nami palepale, fimbo mkononi, nikajua. Wewe ulikuwa hujui! Mzushi mkubwa. Ulikuwa hujui mwisho wala katikati. Umesimama hapo siku zote hizo unangoja kama sisi, una hamu kama sisi, ila wewe ulikuwa unangojea ukiwa umesimama, ili sisi tuliokaa tusiogope. Na miezi yote hii nimekununia kwa siri ambayo hukuwa nayo. Hasira iliniisha, nikakukumbuka upya, vibaya sana.

Hivi ninavyoandika wako kwa Bi Siwatu, nawasikia kutoka hapa. Mkanda wa saba utakuwaje? Dereva anasema Nahodha huyu mpya ndiye yule pacha, si alisema? Bi Siwatu kaanza kumkubali, anasema pua si mbaya. Ustadhi anadai watakuja kubadilisha na meli yenyewe. Kassimu amelala kwetu Kibiti, hajavuka, bado anabishana. Wamenitumia mtu mara mbili niende nikaseme, maana sasa wanadhani mwisho naujua mimi. Nitakwenda. Nitakunja nne, nipulize chai, niwaambie najua na sisemi.

Kwaheri, binamu yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi koti lako sitaligawa na Bati sitamhukumu mpaka nimsikie mwenyewe. Nawe niahidi jambo moja tu. Kama huko uliko umeshaambiwa mwisho wa Meli ya Juu, usinijie ndotoni kunisimulia. Nyamaza nao. Niache nisubiri.

Mtani wako,
Zaituni