Sahihisho Ulilotuachia, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu taipureta yako iliponyamaza pale mezani. Kitambaa cha mama bado kinaifunika. Hakuna aliyethubutu kuchomoa karatasi uliyoiacha humo, mpaka Jumapili iliyopita.

Benedicto Nchagwa, baba yetu, mhariri wa gazeti hili la Chimbuko: tunakuandikia humu humu, ulimozoea kuwaandika wengine.

Ulianzia gazetini Mwanza, baadaye ukapewa kipindi cha hadithi na mashairi redioni. Bibi kule Kisaka alikuwa anaiweka redio juu ya kabati la vyombo na kufukuza hata kuku: "Tokeni, mwanangu anaongea!" Dhahabu ilipoonekana huku Tarime, watu walipanda mlimani na sururu, wewe ukaja na taipureta. Baba mkubwa Mogesi akakucheka, "Wenzako wanachimba mawe, wewe unachimba karatasi." Ukacheka naye, ukaendelea kufungua mzigo.

Tunazikumbuka Jumapili zako. Watu wakitoka kanisani, na karasha za kusagia mawe zikiwa zimezimwa, ulikuwa unasimama kwenye kibanda cha karasha na kuwasomea. Hadithi za wachimbaji, mashairi ya mama wauza uji, insha za wanafunzi wa shule ya Issenye. Na ulikuwa na sheria moja: hakuna habari ya mtu inayochapwa kabla mwenyewe hajasomewa.

"Mzee, umeniandika mfupi mno," alilalamika mchimbaji Matiko siku moja. "Niongezee hata inchi mbili, mchumba wangu anasoma hilo gazeti!"

"Simama nikupime," ukamwambia. Na kweli ukampima, kwa rula.

Mimi Beatrice, mwanao, nilipoacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, wapo waliosema nimekwisha. Wewe ulisema tu, "Masomo ya jioni yanaanza saa kumi na moja. Mtoto niachie." Nikirudi nilikukuta umempakata, unasahihisha makala juu ya mgongo wake. Nilikuwa namwogesha wino, Baba. Leo natamani ule wino.

Lakini tukiandika mazuri tu, wewe mwenyewe ungeyakata kwa kalamu nyekundu.

Mvua za masika mwaka juzi zilibomoa duara moja, shimo la wachimbaji, kule mlimani, watu wakiwa chini. Mwenye duara alikupa majina manne ya waliokufa. Ukamuuliza habari za Odera, kijana wa Mama Awino, jirani yetu. Akasema Odera alikwishaondoka, alionekana Sirari akivuka kwenda kwa ndugu zake Kenya. Ulifurahi mno. Zile familia nne uliziendea moja moja, ukazisomea. Habari ya Odera uliichapa siku hiyo hiyo bila kumsomea mama yake. Ulisema habari njema haina haja ya kusomwa kwanza, acha imfikie mama wa watu upesi.

Ilimfikia. Mama Awino aliikata ile habari akaibandika ukutani. Kila jioni akawa anatenga sahani mbili.

Miezi miwili baadaye Matiko alikuja kwako. "Mzee, Odera ndiye aliyenipokea zamu asubuhi ile. Alishuka mimi nikipanda. Hakutoka." Alikuwa ameogopa kusema, maana bado alikuwa anafanya kazi kwa yule yule mwenye duara. Na duara lilikuwa limeshafukiwa.

Hatukuwa tumewahi kukuona hivyo. Hukula. Uliandika sahihisho, ukaenda kumsomea Mama Awino, akakufungia mlango. Ukaenda tena. Kifua kikakulaza kabla hujafika mara ya tatu. Hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Msomee kwanza. Asipokubali, usichape."

Mama, yaani mkeo Rispa, ambaye ni Mjaluo kama Mama Awino, ndiye aliyenieleza uzito wa kosa lile. Kwao, mtu aliyepotelea mbali bila mwili kupatikana huzikwa kwa tunda refu la mti wa yago, linalolazwa kaburini badala ya mwili wake. Lakini nani atamzikia yago mtu ambaye gazeti linasema yuko hai? "Baba yako alimnyima yule mama kaburi," mama alisema. "Hakukusudia. Lakini alimnyima."

Nilikwenda, Baba. Mara ya kwanza Mama Awino aliniuliza, "Kwa hiyo gazeti la baba yako ni la uongo?"

"Lilikosea, mama."

"Basi na wewe unakosea. Nenda."

Mara ya pili alinipa uji, akaongea habari za mbuzi mpaka nikaondoka.

Jumapili iliyopita nilimbeba mtoto mgongoni. Mama Awino alimchukua, akamlaza mapajani. Kisha akasema, "Soma."

Nikasoma.

"Hapo mmeandika miaka ishirini na miwili," akasema. "Ana ishirini na mitatu. Alitimiza kabla ya mvua."

Nikarekebisha kwa kalamu yako.

"Soma tena." Nikasoma tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akabandua kile kipande cha gazeti ukutani, taratibu, kisipasuke. "Haya. Kachape."

Basi hili hapa, Baba, kutoka kwenye karatasi uliyoiacha:

*Tuliandika kwamba Odera Ogada alivuka kwenda Kenya. Haikuwa kweli. Odera, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa ndani ya duara. Mama yake amesomewa habari hii kabla ya kuchapwa.*

Yago litazikwa Jumamosi, nyumbani kwa mama yake. Tutakuwepo sote. Na Jumapili inayofuata nitasimama kwenye kibanda cha karasha, nisome. Mtoto atashikwa na Matiko, ameshaahidi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rispa; sisi wanao, Beatrice na Nyangwine; mjukuu wako Nchagwa mdogo; kaka yako Mogesi wa Kisaka; dada yako Boke wa Ringwani; na shemeji zako wote wa Migori.

Na Mama Awino. Nilipokuwa naaga aliniita nirudi. "Na mimi niandike hapo," akasema. "Mzee alikosea. Lakini alikuja mlangoni kwangu mara mbili."

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba.