Springi za Pikipiki ya Baba

Nyumbani, karakana ya uani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Mko wazima? Kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Na kitambi chako je, bado kinakutangulia kuingia mlangoni? Usikasirike, picha uliyotuma tumeiona sote. Mimi sijambo, ila malengelenge ya moto mikononi, ndiyo mapambo ya mchomeleaji. Habari za wazee ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana kwa simu nyumba nzima ingenisikia.

Zile shokapu mbili ulizotuma, za kuipa nyuma springi, zilifika salama. Baba alizipindua, akazinusa kama anayenunua samaki, akazirudisha kwenye boksi. "Pikipiki yangu ilizaliwa na mgongo mgumu, itakufa nao," akasema. Unamjua. Gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye fremu tangu ilipotoka kiwandani, springi ziko chini ya kiti chake tu, na Mama anakaa juu ya keria na ule mto aliojishonea.

Kusema kweli nilishusha pumzi. Nilitaka Mama akae vizuri kama ulivyotaka wewe, lakini fremu ya zamani vile ukishaikata kwa grenda ili shokapu ziingie, hairudi ilivyokuwa. Nikaliacha boksi kwenye rafu.

Mwezi uliopita Mama alishuka kwenye pikipiki akashindwa kunyooka. Daktari akasema pingili za kiuno zimegandamizana, mtikisiko marufuku. Kesho yake Baba akaja karakana, akasimama mlangoni, akasema neno moja tu, "Kata," akaondoka. Niliumia, Kaka. Sijawahi kumwona akishindwa bila kugomba.

Lakini jambo moja lilinitatiza. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwacheka? Kabla ya kila shimo Baba alimgonga Mama goti, naye akainuka kwenye vikanyagio kama askari, shimo likapita, akaketi tena kwa madaha. Miaka yote hiyo amepanda chuma kitupu na hakuwahi kulalamika kiuno. Kwa nini sasa?

Siku ya kukata, Baba akaomba azunguke mtaa mara ya mwisho pikipiki ikiwa nzima. Nilidhani ataenda peke yake. Mama, ambaye asubuhi hiyo nilimvalisha viatu, akachukua mto wake akapanda nyuma. Nikamzuia, akanifokea nitoke njiani. Nikarukia baiskeli nikawafuata.

Baba hakumgonga goti hata mara moja. Mikono iliyokuwa kazini ni ya Mama. Akimgusa bega la kushoto, Baba anakata kushoto. La kulia, kulia. Mbele ya kinyozi palikuwa na mkokoteni katikati ya njia, unaonekana wazi kabisa; Mama akamfinya kiunoni ndipo akashika breki. Kisha likaja shimo. Mama aliliona, nina hakika, lakini alikuwa akimwepusha Baba na nguzo ya umeme, akachelewa kuinuka. Mgongo wake ukalipokea lote.

Baba haoni, Kaka. Nililia huku nakanyaga baiskeli.

Jioni nilimbana Mama jikoni. Hakukana. "Jicho moja lina ukungu, la pili ndo hivyo tena," akasema, anamenya viazi kama vile tunazungumzia mvua. "Usimwambie kama umejua. Akiacha hiyo pikipiki ataacha na kula. We weka hizo springi, mengine niachie mimi."

Nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Nikizifunga, kiuno kitapona na wataendelea kuingia barabarani wawili hao, mpaka siku mkono wa Mama utakapochelewa. Nisipozifunga, Mama atapanda hivyo hivyo, avunjike kidogo kidogo. Tumebishana mwaka mzima kama nyuma iwe ngumu au iwe na springi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza anayeendesha ni nani.

Nikafanya ujanja wa mwoga. Fremu nimeikata. Iko juu ya matofali, vipande viwili, na sijaunganisha kitu. Baba nimemdanganya kwamba kuna kifaa kimepungua, mpaka ukitume wewe. Kila asubuhi anakuja akishika ukuta, anapapasa pale nilipokata, anauliza kama kimefika. Nasema bado. Anapapasa tena, ananisifu kwamba nimekata kwa unyoofu. Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi.

Huenda macho yale yanatibika, lakini kwenda kupimwa ni kukiri, na mimi nikianza tu kulikaribia jambo hilo ananiita mtoto. Wewe ulijifunza kutembea umeshika tanki la pikipiki ile. Wewe atakusikiliza, lakini si kwa simu, kwa simu atasingizia mtandao. Najua kazi yako haina ruhusa za ovyo. Najua na nauli ilivyo. Naomba hivyo hivyo.

Nisalimie wifi sana, na watoto waambie shangazi yao bado anawatengenezea ile baiskeli. Mungu awafunike kwa mkono wake na awape usingizi ambao mimi sina. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri, nikamwambia hilo halina shida.

Baba pia anakusalimu. Hivi sasa yuko mlangoni, ameuliza tena kuhusu kile kifaa. Nimemwambia kiko njiani. Kaka, fanya kiwe ni wewe.

Wako nikupendaye na kukungoja,
Mdogo wako, fundi wa uani.