Mtumbwi Mtupu Hauachiwi Kafi

Kibiti,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpenzi Hadija,

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta mzima huko dunguni Mloka, na kwamba nguruwe na ndege wamekuachia angalau mpunga wa kula. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, meno yote nje kwa furaha. Nasra, wewe unayemsomea mama, soma taratibu na usirukie mwisho, nakujua.

Mama, ile ndege ndogo uliyoicheka pichani ukaiita tiara, sasa ndiyo kazi yangu. Ilikuja vipandevipande kwenye makasha, mafundi wakaiunga hapahapa Kibiti, ili ipeleke dawa na damu kwenye zahanati za Delta, ambako maji yakipwa boti hukwama kwenye tope la mikoko. Uwanja wa kule ni kijipande cha mchanga tu. Zile kubwa nilizowarushia watalii hazithubutu kutua.

Nilidhani aliyezoea kubwa hashindwi na ndogo. Loo! Mwalimu wangu, Kapteni Tamimu, alinionya kwamba ndege kubwa hata ukipunguza nguvu ya injini uzito wake huisogeza mbele, lakini hii nyepesi ukipunguza tu, inakufia hapohapo. Masikio yalisikia, mkono haukusikia. Kila nikikaribia ardhi nilipunguza mapema kwa mazoea, nayo ikaanguka pu! na kudunda kama mpira. Miguu nayo, iliyozoea kustarehe, ilichelewa kukanyaga usukani wa mkia, pua ikaenda kushoto nami nataka kulia. Kapteni akasema nisipojirekebisha atatafutwa rubani mwingine. Nililia mama, sikufichi.

Ndipo nikaukumbuka mto wetu. Siku ile nilipovusha mtumbwi mtupu, karibu na ukingo nikaacha kupiga kafi, nikidhani utajifikisha wenyewe kama ulivyokuwa ukijifikisha umejaa mpunga. Maji yakauchukua. Ulinikaripia mbele ya watu kwamba mtumbwi mtupu hauachiwi kafi mpaka pua iguse mchanga. Basi kesho yake mazoezini nikaiacha injini ivute kidogo mpaka magurudumu yakagusa. Ikatua kwa upole, Kapteni akapiga makofi peke yake pale uwanjani.

Jumatano ikaja simu kwamba kuna mzazi huko Delta anavuja damu, maji yamekupwa, boti hazipiti. Kapteni akanikabidhi sanduku la damu, akasema niende. Upepo wa bahari ukanisukuma ubavuni, ndege ikaenda mshazari kama kaa. Nikakanyaga usukani, injini nikaishikilia wala sikuiachia. Nikatua, na mchanga ukabaki wa kutosha kuchezea ngoma!

Sasa mama, kaa vizuri. Aliyekuja mbio kulipokea sanduku alikuwa shemeji Mudathiri. Mzazi mwenyewe ni dada yangu Semeni, aliyejifungua kabla ya siku zake. Sikujua, na nashukuru sikujua, maana akili ingekuwa kwake, si kwenye injini. Usishtuke. Damu iliingia, na jana amekula wali kwa samaki akalalamika chumvi haitoshi. Mtoto ni wa kike, ni somo yako, na sauti yake ni ileile yako ya kuamia ndege wasile mpunga. Ulipokuwa ukinikaripia mimi pale mtoni, mama, kumbe ulikuwa unamwokoa Semeni.

Nisalimie Mwanaidi na majirani wengine wote wa madunguni. Ijumaa nitapita juu yenu. Ukiiona tiara, tafadhali usiivurumishie jiwe kwa teo.

Mwanao akupendaye,
Rubani Muzdalifa