Mlango wa Tanuri

Maabara ya Kauri, chumba cha nyuma
Alhamisi, 14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi kama daktari alivyokukataza, au bado unajifanya kijana? Sisi wazima. Baba kikohozi kimemwachia, na mama anakusalimu. Mimi mwili mzima, ila roho inachemka.

Unakumbuka kazi yangu, vile visahani vya kauri vinavyogeuza gesi kuwa umeme kwenye joto kali. Kila kisahani kina elektroliti, tabaka gumu la kauri, na juu yake elektrodi, tabaka jembamba la kupitishia umeme. Shida yote iko pale zinapokutana: joto likizidi, moja hutanuka kuliko nyingine, zinabanduka kama lipu mbovu ukutani. Mwaka mzima nimehangaika na utando mwembamba wa kuzishikanisha.

Jumatatu visahani vilikuwa tanurini. Kwetu hata mfagizi anajua kwamba mlango haufunguliwi mpaka tanuri lipoe lenyewe. Basi bosi, tunayemwita Mzee wa Picha, akaja na wageni wake wenye suti. Fundi wa tanuri akamwambia, "Bosi, usifungue, bado la moto!" Akajibu, "Kidogo tu, wauone ule wekundu." Akafungua. Simu zikainuliwa kupiga picha, na visahani vyangu, vilipopigwa na hewa baridi ghafla, vikaanza kupasuka, ta, ta, ta. Shangazi, nililia mbele za watu.

Unajua aliwaambia nini wageni? "Utando wa huyu binti bado dhaifu." Bila hata chembe ya haya! Na kesho kuna kikao cha kuamua kama kazi yangu iendelee au ifungwe. Mtu anavunja kwa mkono wake, kisha ananisingizia mimi?

Nilipotulia nikaviokota vipande, nikavitazama kwa hadubini kimoja kimoja. Vimevunjika kila mahali isipokuwa pale utando wangu ulipoziunga elektroliti na elektrodi. Hata kwenye kipande kidogo kama punje ya mchele, elektrodi imeng'ang'ania palepale.

Nisalimie wale mapacha, na mzee wa nyumba umwambie apunguze chumvi. Mungu akutunze, na hilo goti nalo. Niombee nisimtukane mtu kesho, maana naingia kikaoni na vipande vyote kwenye sinia, naviweka mbele ya bosi. Akitaka picha, apige hapo.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Binti wa kaka yako