Kichwa cha Sangara Kilichotaka Kwenda Ulaya

Jumapili, baada ya misa na chakula cha mchana. Mawingu mazito yamekaa juu ya ziwa lakini mvua yenyewe inaringa. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kalamu yangu. Mama yuko ndani. Tangu juzi hadi leo mchana hatukuongea isipokuwa mambo ya chumvi na mkaa.

Nampenda Mama yangu. Naliandika hilo kabla ya mengine yote, maana mengine yatanifanya nionekane binti wa ajabu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku tuliyoingoja pale uwanja wa ndege. Mimi ni karani wa mizigo, na miaka yote niliyofanya kazi pale, mzigo wenyewe ulikuwa magazeti kutoka Dar, dawa za hospitali, na sanduku la bwana harusi mmoja lililoteremshwa Tabora kwa makosa, akaoa na suti ya kuazima. Uwanja ulikuwa wa kusinzia. Kabla ndege ya abiria haijatua tulikuwa tunatoka kwanza kufukuza ng'ombe. Sasa biashara imekuwa huria, viwanda vya minofu vimeota kama uyoga kando ya ziwa, na sangara wetu wanapakiwa kwenye malori hadi mpakani Sirari, kisha Nairobi, ndipo wapande ndege. Wakifika Ulaya wanaitwa samaki wa Kenya. Jamani, hilo linauma!

Ndiyo maana tumejengewa chumba cha baridi, lami imezibwa viraka, na ng'ombe wamewekewa seng'enge. Meneja wetu akishakunywa chai haambiliki: Mwanza itakuwa kituo cha kimataifa cha mizigo, leo samaki, kesho nyama ya Magu, keshokutwa kahawa ya Bukoba, na Rwanda na Burundi wote watapitia kwetu. Akitoka tunamcheka. Mimi nacheka na kumwamini kwa wakati mmoja. Ijumaa ndege kubwa ya kwanza ilikuwa inakuja kubeba minofu moja kwa moja hadi Ulaya, kwa majaribio. Wanunuzi walisema wazi kwamba mzigo ukifika safi watarudi kila wiki, na ukiwa na kasoro wataendelea na Nairobi yao.

Na mmoja wa waliofunga minofu hiyo ni Mama.

Baba alipofariki kule kisiwani Ukerewe nilimleta Mama hapa Kiseke akae nami. Nilidhani nimemsaidia. Kumbe nilimleta mahali ambapo hana shamba, hana jirani wa kusutana naye, na nyumba ukishaifagia umemaliza. Alikaa mlangoni anatazama barabara. Alikonda. Sahani anasogeza, anasema ameshiba, na hajala kitu. Niliogopa kwamba namzika na yeye taratibu. Basi nikaenda kumwomba Bwana Rwegasira, msimamizi wa kiwanda cha minofu, Mhaya mmoja nadhifu sana, anayetembea kama vile ardhi inamchafulia viatu. Akamchukua kwenye meza za kufunga maboksi.

Mama alifufuka. Sina neno lingine. Alianza kuimba akioga, akaanza kuwatania wenzake, akarudia kugombana na wauza nyanya. Kazi ile ndiyo iliyonirudishia mama yangu.

Ijumaa asubuhi alirudi kutoka zamu ya usiku amechoka na uso unang'aa. Nilikuwa nakunywa chai nikijiandaa kwenda kazini. Akakaa, akavua viatu, akaniambia kwa furaha kama mtu anayetoa zawadi:

"Vero, nimewawekea kichwa."

"Kichwa gani, Mama?"

"Cha sangara. Nimekisafisha vizuri, nimekifunga kwenye nailoni, nimekilaza juu kabisa. Mgeni mkubwa hawezi kupewa samaki asiye na kichwa, atajua tumekula wenyewe sehemu nzuri. Na hawa ndiyo mara yao ya kwanza kula kwetu!"

Niliweka kikombe chini. Kwetu Ukerewe yuko sahihi kabisa. Ukimwekea mgeni samaki bila kichwa umemwambia aende zake. Lakini kule wanakokwenda wanataka mnofu mtupu, mweupe, hata mwiba mmoja ni kesi. Kichwa kina matamvua, kina damu, kikikaa juu ya minofu safari nzima boksi lote linaoza, na wao watasema samaki wa Mwanza ni wachafu. Nikamwambia alale, apumzike. Nikatoka mbio.

Kwenye chumba cha baridi maboksi yalikuwa yamepangwa hadi darini, yote meupe, yote yanafanana. Nilisimama pale nayatazama. Nikasema moyoni, ninyamaze tu. Nani atajua? Halafu nikamwona Meneja nje amevaa tai, anawaonyesha vijana wa kupakia mahali ndege itakaposimama, anaonyesha kwa mikono miwili kama anaongoza kwaya. Nikafikiria na wale kina mama wengine wa kiwandani, ambao watoto wao wanakula kwa maboksi yale yale.

Nikamwendea Bwana Rwegasira, aliyekuwa amekuja na mzigo wake, nikamwambia.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alinitazama kidogo, akamtuma dereva wa pikapu Kiseke akamlete Mama aje aonyeshe boksi lake. Mkaguzi wa wanunuzi, mzungu mmoja mrefu aliyeungua pua, alikuwa amesimama pale pale, ikabidi naye aelezwe.

Sasa hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Dereva alimwambia Mama neno moja tu, kwamba anaitwa uwanjani kwenye ndege. Basi Mama akadhani anaitwa kushukuriwa. Alishuka kwenye pikapu amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba, amejipaka mafuta, anatabasamu kwa kila mtu. Aliwasalimia vijana wa kupakia, wakamjibu "Shikamoo Mama" wakiangalia chini. Akampa mzungu mkono. Walipomuuliza boksi ni lipi hakusita hata kidogo, alikwenda moja kwa moja akalipapasa. "Ni hili hapa. Kamba ya kufunga nimeipiga fundo letu la kisiwani." Wakalifungua. Kichwa kilikuwa pale, kimefungwa kwa upendo mtupu, macho yanatutazama sote.

Hakuna aliyecheka. Mama akatazama uso wa Rwegasira, akatazama wa mzungu, kisha akatazama wangu. Nadhani ni wangu uliomwambia.

"Mtafsirie," alisema taratibu. "Mwambie kwetu hii ni heshima. Kama kwao ni tusi naomba radhi, na wenzangu hawahusiki."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Mzungu aliitikia kwa kichwa, akasema anaelewa, lakini maboksi yote ya meza ile lazima yafunguliwe. Tukayafungua. Sote. Mimi, Meneja na tai yake, Rwegasira amekunja mikono ya shati kwa mara ya kwanza maishani, na Mama katikati yetu na kitenge chake cha Pasaka, anafungua, anaonyesha, anafunga upya, anatuhimiza tuwahi barafu isiyeyuke. Hakukuwa na kichwa kingine. Boksi moja likabaki. Mengine yote yakapanda.

Ndege iliondoka kwa kuchelewa, lakini iliondoka. Ilikimbia ikapita viraka vyetu vyote, ikanyanyuka juu ya maji, na uwanja mzima ukapiga makofi na vigelegele. Kigelegele kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Mama. Nilimtazama nikashindwa kuzuia machozi.

Halafu Rwegasira akamsogelea, akasema kwa adabu, "Mama, Jumatatu usiingie kwenye kufunga."

Mama akamuuliza, "Niingie wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyepotea njia. Rwegasira alianza kushusha mikono ya shati lake. Nadhani hakuwa amefikiria kwamba sentensi yake ina upande wa pili. Mwishowe akasema, "Njoo hiyo Jumatatu asubuhi, tutazungumza."

Tulirudi nyumbani kimya. Jana pia kimya. Leo kanisani, kwenye kupeana amani, aliwakumbatia watu wa benchi zima la mbele yetu, mimi akanipa ncha za vidole. Nilizishika hizo hizo.

Mchana nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Sana," alisema. "Ungeniamsha mimi kwanza. Ningekwenda mwenyewe kwa miguu yangu." Akanisukumia sahani. "Sasa kula."

Ana haki. Sikuwahi hata kulifikiria hilo. Nilikimbia kuokoa ndege, nikamwacha mama yangu avae kitenge. Kusema nilipaswa kusema, hilo silijutii. Lakini wa kwanza kuambiwa alipaswa kuwa yeye.

Sasa hivi nimeinua macho, nimemwona dirishani. Anapiga pasi koti jeupe la kiwandani, ile pasi ya mkaa anaipuliza majivu kwanza yasidondoke. Anarudia kola mara ya pili. Nikamwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, "Mama, huenda kesho wakalichukua hilo koti."

Hakugeuka.

"Wakilichukua," alisema, "walichukue limenyooka."

Kesho naenda naye hadi getini kiwandani, na nitasimama pale mpaka nijue ameingia mlango gani. Mizigo itanisubiri.